Wamenikata Kichwa, Wakabakiza Mikono

Nilijitambua kwa kovu. Bango lilikuwa limebandikwa ukutani, mkabala na pale ninapouzia kuku sokoni Machakos, na mikono iliyokuwa juu ya ngoma ilikuwa yangu. Kidole changu cha shahada kina kovu la panga tangu nikiwa darasa la nne, na kovu lilikuwa pale pale, limekuzwa likatoshana na kisu cha kuchinjia. Ngoma ilikuwa yetu. Leso iliyofungwa kiunoni ilikuwa yangu, ile ya kijani iliyochanika pindo. Ila kuanzia shingoni kwenda juu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele zimemwagika mabegani, anacheka kwa meno yote thelathini na mawili. Yangu sina haja ya kuyahesabu mbele ya watu.

Mteja aliyekuwa akimpapasa jogoo kifuani aliinua macho. "Mama Kimeu, huyu si ni wewe?"

"Ni mimi mpaka hapa," nikamwonyesha shingo. "Kutoka hapa kwenda juu nilishaaga dunia."

Akacheka, nami nikacheka, maana ndivyo nilivyo. Nimezika mume, nimevunjiwa kibanda mara mbili, nimeibiwa kuku kumi na nne siku ya Krismasi, na yote nimeyacheka kwanza, kulia nikakuweka kando mpaka nipate nafasi. Lakini siku hiyo kicheko hakikudumu. Nilisoma bango lile mara tatu. TAMASHA LA NGOMA NA MUZIKI LAIVU. JUMAMOSI, SAA NANE MCHANA, BUSTANI YA KYENI. Chini yake majina: bendi ya magitaa, wanasarakasi wa Kithimani, kwaya kutoka Katangi, na kwa herufi nyekundu, WATHI WA KOLA, DAKIKA KUMI ZA MOTO.

Wathi wa Kola ni sisi. Wathi ni ngoma ile ya kuchezwa, na mimi ndiye ninayeipiga. Mwaka huu ni wa thelathini na moja. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno kuhusu picha, wala kuhusu kichwa.

"Zamzam," nikamwita jirani yangu anayeuza viungo, "niangalizie kuku."

"Unaenda wapi na hayo macho?"

"Kutafuta kichwa changu."

Ofisi ya Mwangangi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Mwangangi ni mtoto wa Kola. Marehemu mama yake alicheza nasi, na yeye mwenyewe aliruka katika kikundi chetu miaka saba kabla ya kuvaa viatu vilivyochongoka na kuanza kuandaa tamasha. Nimemfuta kamasi kwa leso ile ile iliyo kwenye bango.

"Mama Kimeu! Karibu, karibu, chukua kiti."

"Sikai. Kiti ni cha mtu aliye na kichwa."

Akacheka kidogo, akaona sijacheka, akaacha. "Ah, bango. Hiyo ni mambo ya wale wa kompyuta, mama. Walitaka sura ya kuvuta watu. Wageni wengine wanatoka mbali, Syokimau huko, Nairobi..."

"Na sura yangu inawarudisha Nairobi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema na picha. Sasa niambie, huyu niliyembebea kichwa ni nani?"

"Anaitwa Mutanu. Yeye ndiye atakaa kwa ngoma Jumamosi."

Nikashika mgongo wa kile kiti nilichokataa. "Anajua kupiga?"

Mwangangi akaanza kupanga kalamu zake mezani, moja kando ya nyingine. "Hatapiga. Ataweka mikono tu."

Alinieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa kwamba ni mguu ule mzima ndio umekatwa. Jumapili ile alipokuja Kola na mashine yake, akasema anataka kumbukumbu, alikuwa amerekodi mazoezi yetu. Kilichorekodiwa ndicho kitakachochezwa kwenye spika. Wachezaji watacheza jukwaani. Mutanu atakaa nyuma yao na ngoma, apendeze.

"Lakini ngoma ni yako, mama. Ni wewe utasikika."

"Nitasikika nikiwa wapi?"

"Viti vya mbele, na wageni wa heshima. Tumekuwekea fulana na soda."

"Bango limesema laivu."

"Watacheza laivu. Miguu ni laivu."

Mtu akikudanganya huku anajua unajua, hata heshima ya kudanganywa vizuri hujapewa. "Mwangangi, wewe uliruka miaka saba. Ukiwa juu kule, nani alikuwa akikungoja?"

Akatazama dirishani. "Ni wewe."

"Ulikuwa unafuata ngoma, au ngoma ilikuwa inakufuata?"

"Ngoma ndiyo inafuata mchezaji. Najua, mwaitu." Mwaitu ni mama yetu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nikanyage pale. "Lakini unakumbuka mwaka jana? Maiki ya ngoma ilipiga kelele kama nguruwe anachinjwa. Mgeni rasmi aliziba masikio na mikono yote miwili. Hiyo video ilizunguka kwa simu za watu wiki nzima, na ni mimi walikuwa wanacheka, si wewe. Sirudii hiyo aibu."

"Kwa hivyo maiki ndiyo iliharibu, na mimi ndiye unaniondoa."

"Watazoea mashine. Mtu huzoea."

"Na nisipozoea mimi?"

Hapo akaacha kalamu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Kuna meneja wa hoteli ya Diani anakuja Jumamosi. Anatafuta wachezaji wa miezi sita. Winfred yuko karibu kabisa kuchukuliwa, huyo na wengine watatu. Ukileta vurugu, natoa kikundi chote, naongezea wa Kithimani dakika kumi. Halafu wewe ndiye utamweleza Winfred."

Nilishuka ngazi zile bila kushika ukuta. Pale chini mhudumu wa duka la dawa akaniuliza kama nahitaji kitu cha presha. Nikamwambia mgonjwa yuko juu.

*

Alhamisi tulikutana Kola, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa, tunapofanyia mazoezi siku zote. Mudi, fundi wa spika kutoka mjini, alikuwa ameshafika na masanduku mawili meusi na jenereta ndogo. Ni mtu mzima, wa makamo, ana kofia yake safi na adabu zake. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," akaangalia chini. Alijua amekuja kufanya nini.

Wasiotujua wanapaswa kuelewa jambo moja. Ngoma yetu haiongozi. Kiongozi ni mchezaji wa mbele, naye ana filimbi mdomoni. Filimbi moja ndefu maana yake ni kwamba anakwenda kuruka: wawili wanainama, anapita juu ya migongo yao, na miguu yake ikigusa ardhi ngoma iwe pale pale chini yake, si kabla, si baada. Filimbi mbili fupi maana yake ni kata, na mpigaji anakata hata kama mkono uko hewani. Mpigaji hana la kuamua. Kazi yake ni kuangalia visigino na mabega ya mwenzake na kumtumikia. Nimeitumikia migongo na visigino vya watu mpaka naota visigino.

Winfred ndiye wa mbele siku hizi. Ni binti wa jirani yangu, ana miaka ishirini na minne, mrefu, akiruka unaona kama kuna mtu amemshika nywele huko juu akasahau kumwachilia. Alinisalimia bila kunitazama vizuri.

Mudi akawasha. Ikasikika ngoma yangu. Nisiwe mwongo: ilisikika vizuri, nene, hata vumbi lilitetemeka. Kasiva, mwimbaji wetu na rika langu, anayeniita Kalondu kwa jina langu, akanipiga kiwiko. "Wewe kumbe unapiga hivi?"

"Mimi pia ndio naambiwa."

Winfred akapuliza ndefu, Musili na mwenzake wakainama, akaruka. Akatua. Halafu ngoma ikaja. Nyuma yake, imechelewa, kama mtu anayeitikia salamu wakati umeshampita. Winfred akayumba, akaangukia mkono.

"Tena," akasema.

Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu akamgonga Musili begani wakalala wote. Nikawa najiuliza imekuwaje, maana mimi na Winfred hatujawahi kuachana kwenye mruko. Kisha nikakumbuka, na damu ikanipanda.

Jumapili ile ya kurekodi, Winfred alikuwa amekanyaga mwiba wa mgunga. Tuliutoa kwa sindano, akasisitiza kucheza hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kila mruko alikuwa akisita nusu pumzi, anajikaza, na akitua alitua kwa mguu mmoja na kuuburuta wa pili. Mimi nilikuwa namwona. Nikamngoja. Kila mahali aliposita nilisita, kila alipoburuta nilimwekea ngoma ya kumburuta. Ndiyo kazi yangu. Na mashine ikaunasa mwiba ule, ikaufunga ndani, na sasa ilikuwa inaurudisha kwa msichana aliyepona.

"Zima!" nikamwambia Mudi. "Winfred, hiyo ni ya siku ya mwiba. Mnacheza na mguu mgonjwa."

"Najua," Winfred akasema. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. "Nimeshajua. Mudi, washa."

Mudi akanitazama, akawasha.

Wakarudia, wakarudia tena, mimi nimekaa juu ya jiwe mikono mitupu mapajani. Na jua lilipoanza kuegemea upande wa vilima, Winfred alikuwa ameipata. Alisita nusu pumzi. Akaruka, akatua kwa mguu mmoja, akauburuta ule mwingine, ngoma ikaja chini yake sawasawa. Alikuwa amejifunza kuchechemea.

"Angalau sasa inaingiana," Kasiva akasema.

"Inaingiana!" Nilisimama hadi leso ikafunguka. "Msichana mzima, miguu miwili mizima, anacheza kama kuku aliyefungwa mguu mmoja, nawe unaniambia inaingiana? Kasiva, nawe uko na macho au ni mashimo ya kupitishia machozi?"

"Kalondu, usinimalizie hasira mimi. Mimi naimba tu."

"Huimbi! Nawe uko ndani ya sanduku, hujajua? Jumamosi utafungua mdomo kama samaki!"

Kasiva akageuka kuyatazama masanduku. Nadhani mpaka wakati huo alikuwa hajalifikiria.

Winfred akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye ukuta wa kanisa, mbali na wengine. Jasho lilikuwa likimchuruzika kidevuni. "Mwaitu, nakuomba. Hii ya Diani nimeingoja miaka mitatu. Mara mbili wamekuja wakachukua wa Kithimani. Mimi ningekuwa na nguvu ya kumkataza Mwangangi ningemkataza. Sina. Kaa tu siku moja. Kunywa soda. Nikifika huko nitacheza na miguu yote."

"Na nani atakupigia huko?"

"Sijui. Mtu. Mashine. Nitajua nikifika." Akafuta uso kwa mkono. "Niambie utakaa."

Ungemwona ungesema nini? Mimi nilisema, "Nitakaa."

"Apa."

"Nimesema nitakaa, Winfred. Mimi si mtu wa kuapa kando ya kanisa."

Ijumaa gari la Mwangangi lilikuja kuchukua ngoma. Ni ya kikundi, si yangu, sikuwa na haki ya kuinyima. Nilimwambia dereva aifunike isilowe, na nikakaa jikoni kwangu nikachambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

*

Jumamosi nilivaa ile fulana. Ilikuwa na picha ya bango, kwa hiyo kifuani mwangu palikuwa na mikono yangu na kichwa cha Mutanu, na juu yake kichwa changu mwenyewe, kama mtu aliyeongezewa ghorofa bila kibali. Watu wa soko walinipungia. Zamzam alikuwa amekuja na dada zake, wamekaa chini ya hema la pembeni, akanipigia kelele, "Kichwa umekipata?"

"Nimepata viwili!"

Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe. Upande mmoja nilikaa na mzee wa kanisa aliyelala kabla ya maombi kuisha, upande mwingine na mwanamke wa Nairobi mwenye miwani ya jua na manukato mazuri. Meneja wa Diani nilionyeshwa: mtu mnene, shati la maua, amekaa viti vitatu kutoka kwangu. Kwaya ya Katangi ikaimba, na iliimba kweli, kwa mapafu yao. Wanasarakasi wakapanda mmoja juu ya mwenzake. Nikapiga makofi. Nilikuwa nimejisemea nitapiga makofi kwa kila mtu ili mikono iwe na kazi.

Kisha Mwangangi akashika maiki. "Na sasa, kutoka Kola, mnaowajua, mnaowapenda! Hakuna kanda hapa, hakuna ujanja! Ni laivu, laivu, laivu!"

Alikuwa na haja gani ya kulisema mara tatu? Mara moja ningemeza.

Wakaingia. Mutanu alikuwa ameshakaa nyuma kwenye kigoda changu, miguu pamoja kama yuko kanisani, ngoma mbele yake. Spika zikaanza, na Mutanu akaanza kupapasa ngozi ya ngoma kwa ncha za vidole, kama anayebembeleza mtoto wa wenyewe alale. Kasiva akafungua mdomo. Sauti yake ikatoka pembeni, kwenye sanduku, yeye akiwa katikati. Winfred akapuliza ndefu, akasita nusu pumzi, akaruka, akatua kwa mguu mmoja, akauburuta wa pili.

Watu wakapiga makofi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimengoja wacheke, au wanung'unike, au angalau wanyamaze. Walishangilia, na yule mwanamke wa Nairobi akaniinamia, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mama, huo mwendo wa kuchechemea ni mila yenu? Una maana gani?"

Nikaona siku si nyingi watoto wa Kola watafundishwa kuburuta mguu, wakiuliza kwa nini wataambiwa ni mila, na hakuna atakayekumbuka mwiba. Nilikuwa nimeahidi kukaa. Nikashtukia nimesimama, soda imemwagika kwenye viatu vya mzee wa kanisa, naye bado amelala.

Ngazi za jukwaa zilikuwa tano, za mbao. Kijana aliyelinda ngazi aliona fulana akanipisha. Nilipita nyuma ya wachezaji hadi kwa Mutanu. Aliinua uso, na kwa karibu alikuwa mdogo zaidi kuliko kwenye bango, na amejaa woga.

"Mama, nimeambiwa nisitoke," akanong'ona.

"Umeambiwa uweke mikono. Iweke kwingine, mama yangu. Wewe huna kosa."

Akasimama haraka, na sijawahi kuona mtu akikiacha kiti kwa furaha namna ile. Nikakaa. Nikapiga.

Bila maiki, ngoma moja dhidi ya masanduku ya Mudi ni kama kumwita mtu katikati ya mvua. Watu wa nyuma nadhani hawakusikia kitu. Lakini jukwaa lilikuwa la mbao, na mbao zilipeleka. Niliona visigino vya Musili vikishtuka. Akaja kwangu. Mwenzake akabaki na mashine. Wakagongana. Wawili wengine wakasimama wakishangaa, na Kasiva akasahau kufungua mdomo wakati sauti yake inaendelea kuimba pembeni. Mwangangi alikuwa ananipungia mikono kutoka chini, uso umemvimba.

Winfred akageuka. Alinitazama mara moja tu. Kisha akapuliza filimbi: mbili fupi.

Kata.

Nikakata. Sikuamua. Miaka thelathini na moja ilikata, mikono ikabaki juu, vidole wazi, watu wote wakiiona. Na ngoma ikaendelea kulia.

Iliendelea, nene na tamu, wakati mimi nimeinua mikono juu kama aliyeshikiwa bunduki, Mutanu amesimama kando na mikono kwenye mifuko, na hakuna mtu mwingine jukwaani mwenye ngoma. Mtu mmoja akacheka. Kisha kutoka kwenye hema la pembeni sauti ya Zamzam, ambayo kila siku inauza viungo bila maiki, ikauliza, "Sasa nani anapiga?"

Hapo ndipo bustani ilipolipuka. Watu walisimama, wakapiga mbinja, chupa tupu za maji zikaruka. "Laivu gani hii? Laivu gani?" Walikuwa na hasira, na nilizipokea hasira zao kama mtu aliyeletewa ndugu zake kutoka mbali. Mwangangi akakimbilia maiki. "Jamani, ni hitilafu ndogo ya mitambo..." Ngoma ya sanduku ikamfunika, akawa anatapatapa mdomo. Mudi alikuwa kwenye meza yake chini ya jukwaa. Aliniangalia, akamwangalia Mwangangi, akavua vile vitu vya masikioni, akaviweka mezani kwa utaratibu. Kisha akazima.

Bustani ikabaki na sauti za watu tu. Winfred alikuwa amesimama katikati, ananipa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Angeweza kuondoka. Ngazi zilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliangalia visigino vyake kwa sababu ndicho kitu pekee nijuacho kuangalia. Musili, bila kuulizwa, akainama. Mwenzake akainama.

Filimbi ndefu.

Mruko wa kwanza alichechemea bado. Siku mbili za kujifunza si kidogo, na mimi nikamngojea ule mguu kama kawaida. Nadhani aliusikia mwenyewe, maana alipotua alitoa sauti ya hasira, akarudi nyuma, akapuliza tena kabla hata sijashusha pumzi. Akaja kwa miguu yote miwili. Akaruka juu kuliko ninavyomjua. Kasiva akapiga ukelele na safari hii ulitoka mdomoni mwake. Hatukumaliza hata dakika tano kabla Mwangangi hajapandisha bendi, lakini zile tulizopata nilipiga hadi kiganja kikapasuka, na hasira haikupungua hata kidogo. Ilipata tu mahali pa kwenda.

*

Meneja wa Diani alikuwa ameondoka. Wengine walisema alikwenda hema la chakula chupa zilipoanza kuruka, wengine kwamba alikuwa ameshamaliza kuandika majina. Mwangangi alitupita karibu na lango akasema bila kusimama, "Diani imeisha. Mmefurahi?" Nikamjibu aniletee kichwa changu kutoka ofisini kwake. Hakugeuka.

Winfred alinikuta nimekalia ngoma, Kasiva ananifunga kiganja kwa kipande cha leso. Alikuwa ameshavaa nguo zake za kawaida.

"Uliniahidi," akasema.

"Niliahidi."

"Ulisema utakaa. Kando ya kanisa."

"Nilikaa. Kisha nikaulizwa kama kuchechemea kwako ni mila yetu."

"Na ungemjibu ni mila! Ungefungwa? Miaka mitatu, mwaitu! Miaka mitatu!" Sauti ilimpasuka. Watu waliokuwa wakitoka walipunguza mwendo.

"Lakini ni wewe uliyepiga filimbi," nikasema. "Ukaiumbua mashine mbele ya..."

"Mashine gani? Nilikuwa nakunyamazisha wewe!"

Kasiva aliacha kufunga. Mimi nilitaka kucheka, ile tabia yangu ilikuja mpaka kwenye meno, nikaona uso wake nikairudisha. Kwa hiyo hakuwa amenichagua. Alikuwa ameniambia nikate, kama anavyoniambia kila Jumapili, nami nikamtii, na mashine haikumtii. Basi.

"Pole," nikasema. Neno lilikuwa dogo, na lilinikasirisha kwa udogo wake.

Akafuta pua. Alisimama pale akitazama bango lililokuwa limebandikwa langoni, msichana wa meno thelathini na mawili. Kisha akasema, kwa hasira mpya kabisa, "Na kwenye ule mruko wa pili ulinichelewesha."

"Nini?"

"Ulichelewa. Nilitua peke yangu."

"Sikuchelewa! Ulipuliza kabla sijashusha mikono. Uliruka na hasira, ukafika mapema."

"Wewe si unaangalia visigino? Visigino havikuwa na hasira?"

"Visigino vyako leo vilikuwa vinatukana!"

"Basi ungefuata matusi! Ndiyo kazi yako!"

"Nyinyi wawili," Kasiva akasema, "watu wanatuangalia."

"Waangalie," tukasema wote.

Ngoma ni nzito, ina kamba mbili za kubebea. Winfred alishika moja bila kuniuliza, mimi nikashika nyingine kwa mkono mzima, tukaanza kuelekea barabara ya Kola, ngoma ikitugonga magotini kwa sababu hatukuwa tunatembea sawa.

"Kesho Jumapili, saa tisa," akasema. "Tutarudia ule mruko mpaka uupate."

"Mpaka uupate wewe."

"Hukuwa pale, mwaitu."

"Nilikuwa pale!"

Tulikuwa bado tunabishana tulipoacha lami.